Fimbo ya Kiapo ya Chifu Kiboko

Nyinyi mnaoota moto, kitu cha mwisho mlichoshika leo, nani alikishika kabla yenu? Hamjui, eti? Haya.

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nchi, na nchi ikawa na fimbo.

Hapo zamani za kale, ambazo sijui kama zimekwisha, ugonjwa wa kuhara uliingia nchi ya wanyama. Kanga akahara, akafa. Chifu Kiboko akanguruma, "Kuna mchawi!" Mshukiwa akaitwa barazani kushika fimbo ya mababu na kuapa. Asiye na hatia angebaki mzima. Mchawi, fimbo ingemuua.

Aliyeibeba ni Fisi, askari wa Chifu. Na Fisi huyo huyo ndiye aliyezika maiti. Anatoka kaburini, anabeba fimbo, mikono haijaona maji.

Akaitwa Kicheche. "Shika, busu, apa!" Akashika, akabusu, akaapa. Akahara, akafa.

"Mnaona? Fimbo imemnasa!" Vigelegele!

Akaitwa Ngiri. "Shika, busu, apa!" Akashika, akabusu, akaapa. Akahara, akafa. Vigelegele tena, ila vichache, maana wapigaji walishaanza kupungua.

Mara ya tatu akaitwa mama yake Pimbi.

Pimbi alikuwa na digrii na hakuwa na kazi. Alifika barazani akihema. "Shikamoo Chifu. Mama ataapa, sikatai. Fimbo ioshwe kwanza. Maji ya moto na sabuni, basi."

Fisi alicheka mpaka mate yakadondokea fimbo. "Msomi wetu! Hicho cheti unakila na mboga gani? Kazi huna, unakuja kutufundisha kuosha?"

"Ikioshwa, nguvu za mababu zitatoka," akasema Chifu. "Ni protokali, kijana."

"Mama, usishike!"

"Nikikataa, mwanangu, watasema mchawi ni mimi. Utaitwa mtoto wa mchawi mpaka uzeeke."

"Shika, busu, apa!"

Mama akapiga magoti, akashika. Akabusu. Akaapa.

Chifu akaipokea fimbo kama ilivyo desturi, akamrudishia Fisi. Pimbi alipoinama kumwinua mama yake, ndipo akaona kilichofichwa nyuma ya kiti cha Chifu: beseni la maji yanayofuka mvuke, kipande cha sabuni, taulo jeupe. Chifu alikuwa ananawa. Polepole, kidole kwa kidole, mpaka kwenye viwiko.

Kumbe anajua! Siku zote hizo, anajua!

Mama akahara, na Ijumaa ya wiki hiyo hakuiona. Pimbi alimzika peke yake, maana nani atamlilia mchawi? Barazani walikuwa wanapiga vigelegele.

Hadithi yangu imeishia hapo, pembeni ya kaburi lisilo na waombolezaji. Lakini nyinyi mnaokalia viti vya mbele, msinitazame kama hamnielewi. Mikono yenu inanukia sabuni. Litoeni beseni huko nyuma, liwekeni hapa mbele ya kila mtu, na hiyo fimbo muioshe wenyewe. Leo, kabla hamjaita jina jingine.