Mtambo wa Kindi na Tumbo la Profesa Kiboko

Masikio mmeyaleta?

— Tumeyaleta!

Na midomo mmeifunga?

— Tumeifunga!

Mmeifunga, mbona mnajibu? Haya, sikilizeni.

Hapo kale wanyama walikuwa na chuo kikuu chao kando ya mto. Katika chuo hicho alikuwepo Kindi. Kindi alisomea mitambo inayojiongoza yenyewe, elimu ambayo wasomi huiita mekatroniki. Miaka mitatu alifunga nyaya, akakaza skrubu, akafundisha wanafunzi wa Profesa Kiboko, na ajira hana. Profesa mwenyewe alikuwa kwenye tope, anakoroma.

Siku moja Mkuu wa Chuo, Bibi Korongo, akatangaza nafasi ya mhadhiri msaidizi. Nafasi moja tu! Sharti lake, mwombaji alete mtambo aliouunda mwenyewe, wenye kujiongoza bila kuguswa.

"Nikiikosa hii," Kindi akajiambia, "narudi kwetu kuokota kokwa, na vyeti vyangu nivitandike kiotani." Lakini hakuogopa. Mikono yake aliijua.

Akaunda mtambo wa kulisha. Juu aliweka pipa la viazi, chini sinia juu ya mizani, na katikati nyaya. Mizani inapima, mtambo unaamua. Sinia likipungua, unaongeza. Sinia likijaa, unaacha. Tik-tik, pu! Tik-tik, pu! Sinia likajaa, kimya.

Kiboko akasikia harufu ya viazi. Huyo anakuja, ndi! ndi! ndi!

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Mtambo huu ni wangu."

"Wako kivipi, Profesa?"

"Umeundwa kwenye karakana yangu. Na ile nafasi naitaka mimi."

"Lakini Profesa, una vyeo vitatu tayari!"

"Hiki cha nne kina kikapu cha viazi kila Ijumaa."

Akabandika kibao: PROFESA KIBOKO, MUUNDAJI. Kindi moyo ulimuuma, tena ulimuuma sana. Alitaka kulia, lakini nyaya hazipendi maji, akayameza machozi yake.

"Sawa, Profesa. Basi nikueleze unavyofanya kazi. Sinia likijaa..."

"Nani kakuuliza? Mimi nilikuwa profesa kabla mkia wako haujaota manyoya!"

"Yaishe, Profesa. Ila nasikia Bibi Korongo hapendi uchafu. Kiazi kimoja kikidondoka sakafuni, mwombaji nje."

"Hakitadondoka," akasema Kiboko. "Nitavila vyote."

Kindi akainama kukaza skrubu iliyokwisha kukazwa, asije akaonekana anacheka.

Siku ya usaili ikafika. Baraza likakaa, Bibi Korongo mbele. Kiboko alikuwa hajala tangu jana yake.

"Tazameni mtambo wangu!" akatamba, akabonyeza kitufe.

Tik-tik, pu! Kiazi kikatua. Kiboko, hap! Mizani ikaona sinia tupu. Tik-tik, pu! pu! Kiboko, hap! hap! Sinia tupu tena. Kadiri sinia lilivyopungua, ndivyo mtambo ulivyoharakisha. Pu-pu-pu-pu! Hap-hap-hap-hap! Baraza likapiga makofi.

"Tumeridhika, Profesa," akasema Bibi Korongo. "Usimamishe sasa."

Kiboko akabonyeza kitufe kilekile. Wapi! Pu-pu-pu! Akatazama mbele, hakuna swichi. Akatazama nyuma, hakuna swichi.

"Kwani mtambo unasimamaje, Profesa?" akauliza Bibi Korongo.

"Mm-mm," akajibu Kiboko, mashavu yamejaa.

Tumbo likavimba, ngozi ikamkaza. Akiacha kula, anaogopa kiazi kitadondoka. Akila, hana pa kukiweka. Pu-pu-pu! Hap... hap... Mwishowe akapiga yowe:

"Kindi! Zima mtambo wako!"

Vichwa vyote vikamgeukia Kindi, mtambo nao unaendelea, pu-pu-pu!

"Mtambo wa nani?" akauliza Bibi Korongo.

"Wake!" Hap! "Ameuunda yeye!" Hap! "Nakufa, jamani!"

Kindi akaja taratibu, hana hata bisibisi mkononi. Hakugusa waya, hakugusa kitufe. Akasimama mbele ya Kiboko, akasema kwa adabu zote:

"Profesa, funga mdomo."

Kiboko akafunga. Pu, pu, pu... pu. Sinia likajaa. Tik. Kimya. Sakafuni hakuna hata kiazi kimoja.

Bibi Korongo akaandika barua ya ajira papo hapo: Mhadhiri Msaidizi, Kindi. Kindi akaipokea kwa mikono miwili. Kiboko naye akabebwa na wanafunzi wanane, akarudishwa kwenye tope.

Na fundisho lake, watoto wangu, ni hili: waheshimuni wakubwa wenu. Wapeni kazi zenu zote waziite zao. Na wakishaanza kula, msiwakatize.

Hadithi yangu imekaa chini. Palipo patamu nendeni napo, penye mchanga nirudishieni.