Somo la Gunia la Mbegu

Hapo zamani za kale, vifaru walipokuwa bado wanajenga nyumba na kulima karanga, palikuwa na Bwana Kifaru, mkewe Mama Bonge, na mtoto wao Bonge. Msiniulize kifaru anashikaje jembe. Alilishika.

Bonge alikuwa na neno moja tu: "Kile." Akitaka maji, kile. Akitaka uji, kile, huku anaelekeza kipembe chake.

Kindi, mwenye maneno mengi kuliko kazi, akapita akasikia.

"Jirani," akamwambia Bwana Kifaru, "mtoto hajifunzi jina la kitu anachokiona. Anaelekeza, anapewa, basi. Kiondoe, uone kama hatasema."

"Nikiondoe nikipeleke wapi?"

"Kwangu. Mimi ndiye mwalimu."

Akaondoka na kijiko. Jioni uji ukaja. Bonge akaelekeza huku, akaelekeza kule, akanuna, akapiga teke, mwisho akalia, "Kijiko, mama. Nataka kijiko."

Mama Bonge akafurahi mpaka akasahau kwamba kijiko chenyewe hakijarudi.

Kikaenda chungu. Ukaenda mkeka. Bwana Kifaru akatoka shamba, akajitupa kuketi palipokuwa na kigoda. Puu, chini.

"Mama Bonge, kigoda kiko wapi?"

"Ni somo."

"Kwa hiyo nimekalia somo?"

"Umekalia udongo, Baba Bonge. Kigoda ndicho somo."

"Sielewi."

"Mtoto anaelewa."

Kweli mtoto alizidi kusema, na nyumba ilizidi kuwa tupu. Baba mtu akawa anazunguka humo ndani, ngo, ngo, pembe ukutani, hajui acheke au alie.

Asubuhi moja mawingu yakatanda. Mama Bonge akaenda ghalani kuchukua gunia la mbegu za karanga. Hakulikuta. Bila mbegu hizo, mwaka mzima wangelala njaa.

"Gunia," akasema Bonge kwa fahari. "Mbegu."

"Mnasikia anavyotamka?" Kindi alikuwa mlangoni, mashavu yamemvimba.

"Mvua inakuja, mwalimu," akasema Mama Bonge. "Rudisha."

"Nikirudisha atasahau."

Bwana Kifaru akamgeukia mkewe. "Sasa tutapanda nini? Maneno?"

Taratibu Mama Bonge akaukanyaga mkia wa Kindi.

"Bonge, hiki kinaitwaje?"

Bonge akautazama mguu wa mama yake. Akanyamaza.

"Unaona, mwalimu? Hajui. Na hawezi kujua huku anakiona. Baba Bonge, lete panga."

"Panga la nini tena?" akauliza Bwana Kifaru, lakini akalileta.

"Gunia liko kwangu, nyuma ya kichuguu," akasema Kindi upesi. "Nimeonja juujuu tu. Na kigoda kipo. Na chungu. Vyote vipo."

Wakamfuata, Mama Bonge akiwa ameushika mkia, wakavibeba vyote. Mvua ilianza wakati wanafukia mbegu ya kwanza.

Anayetaka kufundisha kwa mali yako, mwambie aanze na yake.