Soko la Kufagiliana

Walikuwapo sokoni asubuhi ile, ndugu zangu, nami nitawataja mmoja mmoja, kwa maana si vyema kusema "fulani" wakati mtu ana jina. Alikuwapo Bwana Zefania Mbwambo, mwenyekiti wa soko. Alikuwapo Bwana Elinihaki Msuya, muuza ndizi: mshare, mzuzu na kisukari, kila aina kwenye fungu lake. Alikuwapo Mwalimu Ruthi Senkoro na kikapu chake cha ukindu, amekuja kununua. Na alikuwapo Bi. Namsifu Mgonja, muuza mboga za majani. Meza iliyopakana na yake, ya Bi. Naghenjwa Mshana wa nyanya, ilikuwa tupu.

Soko lenyewe lingewapendeza. Lilikuwa huku kwetu milimani, dogo, lakini juu ya sakafu yake ungeweza kumlaza mtoto mchanga. Mitaro ilipitisha maji bila ganda hata moja. Karoti zilioshwa na kuachiwa majani yake, mnunuzi ajionee mwenyewe kama zimechakaa. Kila muuzaji alilazimika kusema mboga yake imechumwa lini, na hakuna aliyezika ya jana chini ya ya leo. Watu waliyapita masoko ya karibu nao wakaja kununua pale. Mgeni akiuliza wafagiaji wameajiriwa wangapi, alijibiwa kwamba hakuna.

Desturi yao ndiyo iliyofanya kazi. Hakuna aliyefagia mahali pake. Meza zilipangwa mbili mbili, na kila asubuhi kila mtu alifagia mahali pa mwenzake kabla ya kupanga bidhaa. Ukifagia pako utaacha kona, nani atakuuliza? Lakini pa mwenzako, mwenyewe yuko pale anakutazama. Mwenye homa alituma mtu. Mwenye safari alituma mtu. Kutokufagia, na usitume mtu, kulikuwa na maana moja tu kwa watu wa pale: wewe si mwenzangu tena.

Sasa, Bi. Namsifu na Bi. Naghenjwa walikuwa hawasemeshani tangu mvua za vuli. Mnunuzi mmoja aliuliza mchicha ni wa lini. Bi. Namsifu akajibu, "Wa leo." Bi. Naghenjwa, bila kuinua macho kwenye nyanya zake, akasema, "Huo wa jana, dada. Wa leo hujautoa kwenye gunia." Ilikuwa kweli; Bi. Namsifu alikosea fungu. Lakini mnunuzi alicheka, na kicheko kile kilimkaa Bi. Namsifu moyoni. Toka hapo salamu zikakoma.

Kufagia hakukukoma. Tena walifagiliana vizuri kuliko zamani, kwa kuwa hakuna aliyetaka mwenzake apate la kusema. Mara nyingi Bi. Namsifu aliposikia ufagio chini ya meza yake alitamani kusema neno. Walikuwa wameuza pamoja tangu wote wawili ni wasichana, na alikuwa na hamu naye. Kisha alijiambia, "Ameniaibisha yeye. Aanze yeye."

Asubuhi ile alifagia mahali pa Bi. Naghenjwa mpaka kwenye miguu ya meza, akasimama kungoja. Jua likapanda. Hakuja mtu.

"Dada Namsifu, panga mboga, wateja wamefika," akasema Bwana Elinihaki.

"Sipangi juu ya takataka."

"Basi nipe huo ufagio, nikupitishie mara moja."

"Uache, kaka. Pabaki hivi hivi. Nataka watu wapaone."

"Watu wataona mchicha umenyauka. Mchicha haukugombana na mtu."

Mwenyekiti alisogea, akatazama sakafu, akatazama meza tupu. "Umetuma mtu kumwuliza?"

"Nitume mimi? Aliyekosa ni nani, mwenyekiti? Mwaka jana alilazwa na malaria, na bado alimtuma mkwewe akaja kufagia. Leo kashindwa nini?"

"Ndilo ninalokuuliza."

"Akaulizwe mwenyewe."

Akapanga mboga zake juu ya uchafu. Mwalimu Ruthi alipofika akamwamkia. "Shikamoo, mama. Leo hapa kumekuwaje?"

"Marahaba. Mwulize rafiki yako wa nyanya."

Na kila aliyekuja kununua alipewa habari pamoja na mboga. Habari ilirefuka kila iliposimuliwa, hata mnunuzi wa mwisho alisikia mambo ya ukoo mzima wa Mshana. Miaka ile hapakuwa na simu mikononi mwa watu, ni kweli. Lakini Bi. Naghenjwa alikaa kijiji cha juu, kule kule ambako Bi. Namsifu alipanda kila wiki kuchukua mbegu za mchicha. Njia aliijua. Je, mngemlaumu? Msiwe wepesi kujibu.

Kabla ya adhuhuri yule mkwe wa Bi. Naghenjwa aliingia sokoni, akaja moja kwa moja. Bi. Namsifu akasema kwa sauti ya kusikika meza zote, "Haya, sasa ndiyo katuma mtu." Akamnyoshea ufagio. Yule mwanamke aliupokea. Akainama, akafagia pote, polepole, mpaka mtaroni.

Nisimame hapo kidogo, niseme nanyi.

Soko lile nalisifu, na sitaacha kulisifu. Laiti nyumba hii ya Mungu ingetunzwa vile. Lakini ona jinsi wajibu mwema unavyoweza kushika mahali pa neno moja la kinywa. Sisi tunafua vitambaa vya madhabahu, tunapanga viti, tunaimba sauti zetu bila kukosea, bega kwa bega na watu tusiowasalimu. Kisha mmoja asipokuja, tunasema nini? "Huyo amepoa. Huyo anatudharau." Tunamsimulia kila mtu kwamba hayupo, isipokuwa yeye. Nani hayupo leo kwenye benchi lako? Ulishamsema kwa wangapi? Na mlango wake umeugonga lini? Usiniambie yeye ndiye aliyekosa, hilo sikukuuliza. Leo, ukitoka hapa, kabla hujaketi kula, nenda.

Yule mkwe alipomaliza kufagia aliegemeza ufagio kwenye meza, akasema, "Shikamoo, mama," akatoa ujumbe aliotumwa kutoka nyumbani. Bi. Naghenjwa Mshana alifariki dunia alfajiri ya siku ile.