Funguo Tatu za Sanduku la Kisima

Sogezeni mikeka, nami nisogeze hadithi. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na nusu alasiri, Mwahija mweka hazina alipobaki na funguo zote tatu za sanduku la fedha za kisima cha kijiji. Katibu alikwenda kuvuna, mwenyekiti alikwenda harusini, na kila mmoja alimwachia ufunguo wake akisema, "Wewe tunakuamini."

Zimwi likanusa, likaja mbio.

"Mwanangu, nikopeshe, kesho narudisha."

"Sanduku la kijiji hufunguliwa mbele ya kijiji."

"Nitakuezekea nyumba kwa bati."

"Sanduku la kijiji hufunguliwa mbele ya kijiji."

"Basi chukua mwenyewe. Nani atajua?"

Hapo funguo zikaanza kujizungusha mkononi mwake. Mwahija akazibana kiganjani, akajibu yaleyale, kwa sauti kubwa kuliko hofu yake.

Zimwi likacheka. "Nitangoja. Funguo tatu zikikaa mkono mmoja, chakula changu ki jikoni."

Asubuhi yake Mwahija akapitia shambani kwa katibu, akamrudishia ufunguo wake, kisha akaenda moja kwa moja harusini.

"Ah, dada Mwahija!" mwenyekiti akashangaa mbele ya wageni. "Sisi si tunakuamini?"

"Hata zimwi liliniamini," akasema, akamfumbatisha ufunguo wake.