Kitanda Kilichosimama

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama kuku wenye kideri? Paukwa, nimesema!

Pakawa!

Hivyo. Na wewe mwanangu uliyesimama mlangoni, ingia au toka, unatuzibia upepo. Tangu tumzike baba yako hukai ndani ya nyumba hii, unapita tu kama mpiga ramli. Hutaki? Haya, simama. Miguu ni yako.

Hapo zamani za kale, wakati watu walikuwa wachache na kila mtu akijua kikohozi cha mwenzake, palikuwa na kijiji kando ya mikoko. Katika kijiji hicho aliishi mzee mmoja, Machano. Mkewe alikuwa ameshatangulia. Alikuwa na watoto watatu, wote wanaume. Wa kwanza Pandu. Wa kati Simai. Kitindamimba Vuai.

Machano akaugua. Akafa. Watu hufa, hapo hakuna jipya. Jipya ni kilichofuata.

Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Mtu akifa, kitanda chake cha kamba kinasimamishwa ukutani, miguu inatazama nje. Siku ya kuondoa matanga kinalazwa. Wanawe wanakaa juu yake, wote pamoja, wanakunywa uji. Msiba umeondolewa, kila mtu anarudi kwenye jembe lake.

Kitanda cha Machano kilisimamishwa. Hakikulazwa.

Mnazi uliopandwa wakati wa mazishi ukatoa kuti. Ukaota shina. Ukazaa nazi, nazi zikakunwa, zikaliwa. Kitanda kimesimama tu. Kamba zikaoza. Mjusi akazaa humo, na watoto wa mjusi nao wakazaa humo.

Kwa nini? Kwa sababu siku Machano alipokata roho, alikuwa peke yake chumbani. Wana watatu nyumbani, na mtu anakufa anaitazama dari!

Pandu akauliza, "Nani alikuwa na baba?"

Simai akasema, "Mimi nilimwacha hai."

Pandu akasema, "Na mimi nilimwacha hai."

Vuai akasema, "Na mimi nilimwacha hai!"

Sasa kama wote walimwacha hai, nani alimwacha maiti?

Hapo ndipo nyumba ilipoharibika. Pandu akamtazama Simai. Simai akamtazama Vuai. Vuai akapiga kelele kuliko wote, "Kuna mtu hapa! Kuna mtu hapa alimtilia baba kitu!" Kelele hiyo iwekeni kando, nitairudia. Mimi mtu anayepiga kelele sana humwangalia miguu.

Basi wakaanza kuishi kama wezi watatu ndani ya shimo moja. Walikula wamesimama, kila mmoja mgongo ukutani, maana ukikaa mwenzako anakuzunguka. Pandu hali mpaka Simai aonje. Simai haonji mpaka Vuai ameze. Vuai hamezi mpaka paka ale kwanza, kisha amngoje paka aone kama bado yu hai. Pandu aliufunga mtungi wake wa maji kwa kitambaa, na fundo analijua mwenyewe. Wake zao wakarudi kwao, mmoja mmoja. Nani akae na mwanamume anayenusa mchuzi wako kama mbwa?

Na msidhani hawakumlilia baba yao. Walimlilia hata watu wakachoka kuwapa pole. Pandu hakuota moto tena, hata kipupwe kipige vipi. Simai hakukanyaga tena tope la mikoko. Vuai hakupita tena mbele ya chumba cha baba yake. Aliizunguka nyumba nzima, jua au mvua. Ukimuuliza, anasema anapenda kutembea. Kutembea! Kulizunguka banda lake mwenyewe!

Siku moja Pandu akasema, "Nimechoka. Twendeni kwa mganga wa ng'ambo, tukanywe kiapo."

Mganga huyo alikuwa na kibuyu. Ukinywa na huna hatia, unatapika. Ukinywa na una hatia, tumbo linavimba, unakufa. Ndivyo alivyosema yeye. Mimi nasema wamekufa wengi wasio na hatia, kosa lao ni kwamba matumbo yao hayajui kutapika.

Simai akasema, "Mimi niko tayari hata sasa."

Vuai akasema, "Na mimi." Lakini alisema mwisho, na midomo ilikuwa imemkauka kama dagaa.

Wakakubaliana: Ijumaa.

Habari zikamfikia Mzee Ngwali. Huyu ndiye mwenye hadithi, hao wengine ni wa kusindikiza.

Mzee Ngwali kazi yake ilikuwa kuwamba vitanda. Mfupi, mweusi, vidole vigumu kama mizizi. Na alikuwa kiziwi. Ukitaka kumwambia siri, kijiji kizima kinakula nawe hiyo siri. "Eh?" atakwambia. "Sema kwa nguvu!" Unapiga kelele. "Eh?" Unapiga tena. Ila macho yake! Ulipokuwa ukisema, hakutazama mdomo wako. Alitazama mikono.

Ijumaa asubuhi akafika kwa wana wa Machano, kamba ya makumbi ya nazi begani.

"Hodi!"

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kuwamba kitanda."

"Kitanda gani?" akauliza Pandu.

"Eh?"

"KITANDA GANI?"

"Cha baba yenu. Aliniagiza."

"Baba amekufa zamani, mzee!"

"Nimechelewa, najua. Usinikaripie."

Simai akamvuta Pandu pembeni. "Mzee huyu katumwa."

"Katumwa na nani?"

"Na wewe."

"Na mimi? Aa! Na wewe!"

Mzee Ngwali hakuwangoja wamalize. Alishakitoa kitanda uani, akakiegemeza ubavu, akang'oa kamba mbovu, mijusi ikatimka. Akasema, "Pandu, shika hapa. Simai, hapa. Vuai, wewe huku, kwenye kichwa. Kamba ni moja. Mmoja akiachia, yote inalegea. Vuta!"

Wakashika. Si kwa kupenda. Kila mmoja alishika kwa sababu wenzake wameshika. Aliogopa akikataa watasema, tazama, ndiye yeye, anakiogopa kitanda cha baba.

"Vuta!"

Kwiii! ikalia kamba.

"Vuta!"

Kwiii!

Mikono yao yote ikawa kazini. Hakuna wa kupiga, hakuna wa kukimbia. Hapo ndipo Mzee Ngwali alipouliza, bila kuinua macho.

"Baba yenu alisema nini mwisho?"

Miaka yote ile waliulizana nani, nani, nani. Nini, hakuna aliyewahi kuuliza.

Pandu akasema polepole, "Aliniambia neno moja."

"Eh?"

"ALINIAMBIA NENO MOJA! KAA!"

"Kaa lipi?"

"Kaa la moto, mzee! Alikuwa akitetemeka kwa baridi. Nikamwambia Simai aliyekuwa uani, mwangalie baba, nikakimbia kwa jirani kutafuta kaa la moto. Nikarudi nalo kwenye kigae. Nikakuta baba hayupo."

Simai nusura aachie kamba. "Mwongo wewe! Neno hilo aliniambia mimi! Kaa! Kaa wa kwenye tope, mwenye magando! Nani hajui baba alivyopenda mchuzi wa kaa? Nikamwita Vuai, nikamwambia mwangalie baba, nikakimbilia mikokoni. Nikamleta kaa mkubwa, nimemfunga kwa ukindu, bado anatapatapa. Mimi ndiye sikuwahi! Mimi!"

"Vuta!" akasema Mzee Ngwali.

Kwiii!

"Alipokuwa akisema, mkono wake ulikuwa wapi?"

Pandu akafikiri. "Kwenye ukingo wa kitanda. Ukipiga. Pa, pa, pa. Nikajua ni baridi hiyo."

"Na wewe ulimwona?"

"Nilimwona," akasema Simai. "Pa, pa, pa, ukingoni. Nikasema, ananionyesha kaa anavyotembea."

"Na wewe, Vuai?"

Vuai akainamisha kichwa. Midomo ikacheza.

"Eh?" akasema Mzee Ngwali.

Midomo ikacheza tena.

"Masikio yangu mabovu, mwanangu. Sema nisikie."

"Nilijua," akasema Vuai.

"Eh?"

"Nilijua."

"Eh?"

"NILIJUA! NILIJUA ANATAKA NINI! ALIKIPIGA KITANDA AKANIAMBIA KAA, NIKAJUA ANANIAMBIA NIKAE! NIKAOGOPA! SIKUTAKA KUMWONA AKIFA! NIKATOKA, NIKASIMAMA NYUMA YA NYUMBA MPAKA NIKAWASIKIA MNALIA!"

Jirani kulikuwa na wanawake wanatwanga, tu! tu! tu! Mchi ukasimama hewani. Ile kelele niliyosema nitairudia, ndiyo hii ilikuwa ikiificha; kijiji kizima kikasikia. Hata kuku, nasikia, aliacha kuparua.

Pandu akageuka. Mishipa ya shingo imemtoka kama kamba aliyoishika. Ngumi yake naijua, imerithiwa hadi leo katika ukoo ule.

"Ukiachia," akasema Mzee Ngwali, "naanza upya, na mimi nimezeeka. Una hasira? Vuta."

Pandu akavuta. Simai akavuta. Vuai analia, makamasi yanamfika mdomoni, naye anavuta. Kwiii! Kwiii! Kwiii! Kitanda hicho kilikaza kuliko vyote vilivyowahi kuwambwa pwani ile.

Mzee Ngwali akafunga fundo la mwisho. Akakata kamba. Akasema:

"Mgonjwa wa siku ya mwisho hana pumzi ya kusema kaa kitako. Nusu ya neno aliisema kwa mdomo. Nusu aliisema kwa mkono. Wawili hamkuutazama mkono. Mmoja aliutazama akakimbia."

"Basi Vuai ndiye aliyemuua!" akasema Simai.

"Eh?"

"VUAI NDIYE ALIYEMUUA!"

"Aliyemuua ni ugonjwa. Mngekaa, angekufa. Mngesimama, angekufa. Mlikimbia, kafa. Alitaka mtu wa kukaa naye, basi, hakutaka kingine. Huyu kakimbilia moto, huyu tope, huyu nyuma ya nyumba. Miguu yenu yote mitatu... sita... siwezi kuhesabu, mniache. Yote ilikimbia."

Akakilaza kitanda. Pu! Vumbi likaruka.

Akapiga ukingo kwa kiganja. Pa, pa, pa. "Pandu. Kaa."

Pandu akakaa. Kitanda kikalia kwii.

Pa, pa, pa. "Simai. Kaa."

Simai akakaa, lakini mbali kidogo.

Pa, pa, pa. "Vuai. Kaa."

Vuai hakukaa. Alisimama pale, mikono imening'inia, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, kama mtoto aliyevunja mtungi. Mzee Ngwali hakumwita tena. Alianza kukusanya kamba zake.

Hapo Pandu, bila kumtazama ndugu yake, akasogea. Akauweka mkono wake mahali palipobaki wazi.

Pa. Pa. Pa.

Vuai akakaa.

Wakakaa hivyo. Jua likapanda, kivuli kikawakimbia, wakakaa tu.

Mchana mganga wa ng'ambo akaja mwenyewe, jasho linamtoka, kibuyu mkononi. "Nyinyi! Nimekoroga dawa tangu alfajiri! Mbona hamji?"

Pandu akamjibu, "Tumekaa."

"Mmekaa mnafanya nini?"

"Tumekaa," akasema Simai.

Mganga akamtazama Vuai. Vuai akapiga ukingo wa kitanda, pa, pa, pa, kama anayemkaribisha. Mganga akaogopa. Akasema hawa wamerukwa na akili, akaondoka na kibuyu chake, mbio.

Msidhani walitoka pale wanacheka. Pandu alikaa muda mrefu hamsemeshi Vuai ila "nipe chumvi". Simai akawa mtu wa kulia akimwona kaa hata wa kuchora. Walizeeka wakimlilia baba yao. Majonzi hayakutoka katika nyumba ile, ila yaliacha kunusa mchuzi. Walikula wamekaa, sinia moja. Paka akanenepa kwa amani. Mke mmoja akarudi kuchungulia, akaona wamekaa, akaingia jikoni bila kuuliza.

Na katika kijiji kile, tangu siku hiyo, ukiingia kwa mgonjwa unakaa kwanza, salamu baadaye. Dawa, uji na moto watakwenda kuvitafuta wengine.

Na Mzee Ngwali? Akajitwika kamba zake akaenda zake. Nasikia alipofika kona, mwanamke mmoja alikuwa ndani ya nyumba yake, mlango umefungwa, akamnong'oneza binti yake, "Chapati zimeiva." Mzee Ngwali akakata kona, akabisha hodi kwenye mlango huo huo.

Mimi sisemi kitu. Kiziwi gani huyo, mtajua wenyewe.

Funzo lake ni hili, mlitie kichwani pasipopita upepo: mtu wako akikwambia kaa, usimtafutie maana. Na ukishakimbia, usizunguke nyumba maisha yako yote. Rudi ukae, hata kama umechelewa.

Hadithi yangu nimeikalisha hapo. Ninyi wadogo inukeni, mikeka ikunjwe, mkalale.

Na wewe wa mlangoni, hujaondoka bado?

Haya. Hapa pana nafasi.

Kaa.