Mama Nakundwa Amekwenda Wapi

"Aliyenyang'anywa jina hurudi kutambaa." Mmeisikia leo kwa mara ya kwanza, mkacheka, mkaniuliza jina na kutambaa vina uhusiano gani. Methali hii ilianza hivi.

Huko Usangi, katika milima ya Upare, alikuwapo mwanamke aitwaye Naetwe. Alipojifungua binti yake wa kwanza, Nakundwa, jina lake mwenyewe likawekwa kando, kama ilivyo desturi. Akawa Mama Nakundwa kwa majirani, kanisani, hata kwa mumewe Zefania. Mama huvaa jina la kifungua mimba wake.

Nakundwa alipokuwa na miaka minne, akazaliwa mtoto wa kiume. Babu yao alikuwa amemngoja mjukuu wa kiume kwa muda mrefu, akampa jina lake mwenyewe, Eliakimu. Furaha ikamzidi mzee, akaanza kumwita mkwewe Mama Eliakimu. Watu wakamfuata kwa heshima. Haikupita muda, kila aliyebisha hodi alimwita Mama Eliakimu.

Hapo amani ikatoka ndani ya nyumba ile. Eliakimu alikuwa mtoto wa kulia. Tumbo likimsokota alilia, likitulia alilia kwa mazoea. Na kila alipokubali kulala, Nakundwa alichukua mwiko akapiga mfuniko wa sufuria. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani; akaanza upya. Akataka kulishwa uji kwa kijiko, kisha akautema. Akataka kubebwa kwa mbeleko. Mwishowe akakataa kabisa kusimama. Akawa anatambaa jikoni, uani, mpaka mbele ya akina mama wa kanisani waliokuja kumpongeza mzazi, magoti yamejaa majivu.

Jirani mmoja akashauri fimbo. Fimbo ikamfanya atambae kwa kasi zaidi. Mwingine akashauri dawa ya minyoo. Dawa ikaongeza nguo za kufua.

Naetwe alikuwa mtu wa sala, lakini sala zake nazo zilikuwa zimechoka. "Bwana," alisema akiwa amepiga magoti karibu na beseni la nepi, "sikuombi subira tena. Ile ya leo imekwisha kabla ya chai. Uliponiongezea mtoto, ungeniongezea na mkono."

Zefania akaamua Nakundwa apelekwe kwa shangazi yake, Nakaji, huko chini Mwanga, mpaka mdogo aache ziwa. Naetwe alikubali, kisha akalia. Aliwajua watoto waliopelekwa hivyo. Walirudi warefu, wenye adabu, wakimwamkia mama yao kama mgeni.

Siku ya kuja kwa shangazi ikafika. Naetwe alikuwa akimvalisha Nakundwa gauni la safari, mtoto mchanga akilia mgongoni.

"Simama nikufunge vifungo."

"Sisimami."

"Nakundwa, usinitie wazimu. Shangazi yako akukute sakafuni kama kuku?"

"Mimi siyo Nakundwa."

"Haya, ni nani basi?"

"Mimi ni Eliakimu."

"Eliakimu ni huyu anayenipasua masikio."

"Huyo ndiye mwenye mama," alisema mtoto, akiyatazama magoti yake. "Watu wote wanasema Mama Eliakimu. Mama Nakundwa amekwenda wapi?"

Naetwe akaketi sakafuni.

Mlangoni ikasikika sauti ya shangazi. "Hodi, Mama Eliakimu."

Naetwe hakuitika.

"Mama Eliakimu, hodi. Humu hamna masikio?"

"Unayemtafuta hayupo, wifi," akajibu Naetwe. "Hapa anakaa Mama Nakundwa."

Huko nje shangazi akaguna. "Nimepanda mlima wote huu nije kufundishwa kubisha hodi. Haya. Mama Nakundwa, nifungulie, jua linanichoma."

Nakundwa akamtazama mama yake. Akainuka, gauni likiwa wazi mgongoni, akatembea mpaka mlangoni akamfungulia.

Shangazi alisimuliwa habari yote, akala, akashuka mlima peke yake. Babu alinuna siku kadhaa, kisha naye akarudia jina la zamani. Msidhani Nakundwa aligeuka malaika. Aliendelea kumfinya mdogo wake, na mfuniko wa sufuria haukupata raha. Lakini alifanya hayo akiwa amesimama.

Tangu hapo, shangazi Nakaji alipomkuta mzazi anayelalamika kwamba mtoto wake mkubwa ameharibika, alimwuliza kwanza, "Siku hizi wanakuitaje?" Basi nanyi mkienda kumtazama mtoto mchanga, kabla hamjafunua kanga, mtafuteni yule mkubwa, mmwite mama yake kwa jina la huyo mkubwa, naye asikie. Aliyenyang'anywa jina hurudi kutambaa.