Sanduku la Spana la Mzee Shekalaghe

Hadithi nakuja nayo. Wenye nguvu waitikie, na waliochoka kama mimi watikise vichwa tu, nitaelewa.

Hapo Korogwe palikuwa na gereji ya Mzee Shekalaghe, na ndani yake mafundi watatu aliowafundisha mwenyewe. Hozza, mtoto wa dada yake, alikuwa msomaji. Hata gazeti lililofungiwa maandazi halimpiti. Kaniki hakuwa na haya ya kusema. Jambo likimkera angemwambia hata mkuu wa wilaya. Saumu alikuwa na subira, mwanamke wa kushindana na nati yenye kutu tangu asubuhi bila hata kusonya.

Mzee mwenyewe alikuwa amechoka. Jamani, alichoka! Akitembea kidogo anashika ukuta, na kikohozi kimemfanya maskani. Daktari alimwambia wazi kwamba kifua kilichoharibika hivyo hakirudi kilivyokuwa. Basi akatangaza kwamba kesho anakwenda kupumzika nyumbani, na sanduku lake la spana, alilorithi kwa fundi aliyemfundisha, atampa mmoja wao. Mwenye sanduku ndiye mkuu wa gereji. Ndiyo desturi yao, na sanduku haligawanywi.

Walikuwa na desturi nyingine. Fundi akifungua dramu la breki kwa mara ya kwanza, mkuu wake hufungulia mpira wa upepo wa kompresa na kumpulizia usoni lile vumbi la ndani. Wenzake hushangilia: "Kapakwa unga! Kawa fundi!" Mzee alipakwa na mkuu wake, naye akawapaka hawa watatu. Siku hiyo walicheka mpaka wakakaa chini.

Sasa, siku ile ya mwisho likaja lori kuukuu la shamba la mkonge, breki zimekwisha. Hakuna aliyejua breki zile zilifungwa lini. Gurudumu likatolewa, dramu likavutwa, vumbi limejaa tele. Mzee akachukua mpira wa upepo, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Mjomba, subiri," Hozza akasema. "Nimesoma habari hizi. Breki nyingi za zamani zilichanganywa asbesto, madini ya nyuzinyuzi. Vumbi lake likiingia kifuani halitoki, na ugonjwa hukaa miaka mingi ndipo ujitokeze. Hizi huenda zinayo, huenda hazina. Kwa macho huwezi kujua, kwa hiyo tuzichukulie kwamba zinayo."

Akaishia hapo, maana mjomba hakatazwi mara mbili.

Mzee akasonya. "Miaka yote hii napuliza. Nimekufa?" Kikohozi kikamshika palepale, akainama mpaka kikapita. Kisha akaunyanyua mpira.

Kaniki akaruka, akaukunja ule mpira kwa mikono miwili, upepo ukakatika. Mbele ya dereva! Mbele ya Mama Mwanamkuu, anayewapikia wali nyuma ya ukuta! "Ukitaka nifukuze, Mzee. Lakini hupulizi."

Loo, alitukanwa! Mzee akamwambia asikanyage tena pale. Kaniki akajibu, "Sawa," lakini mpira hakuuachia.

Kazi ikasimama. Dereva akafoka, "Nyie vipi? Watu wananisubiri shambani!" Saumu akaendelea na kazi. Aliwasogeza wote mbali, akalinyunyizia dramu maji ya sabuni, polepole, mpaka vumbi likawa tope. Akalifuta kwa matambara, na matambara yakiwa bado mabichi akayafungia kwenye mfuko, kisha akafunga breki mpya. Sakafu hakuifagia, aliipiga deki. Nguo za kazi akazivua stoo, zisije zikafika kwa wanawe. Matusi yote ya dereva aliyala yeye. Jua lilipoinama lori likaondoka, breki zinashika barabara, na mikono ya Saumu imekufa ganzi.

Mama Mwanamkuu akatokeza na sufuria. "Leo kuna nini? Sijawahi kufunua wali wangu bila kupangusa vumbi lenu kwenye mfuniko kwanza. Leo mfuniko msafi!"

Mzee alikuwa ameketi juu ya tairi. Akautazama ule mfuniko. Akakumbuka nyuso tatu nyeupe kwa vumbi, na vicheko vile. Akalia, wala hakujificha.

"Kaniki, rudi kazini," akasema. "Sanduku ni lenu. Ila sijui la nani."

"La Hozza," Kaniki akasema. "Bila maneno yake ningeukunja mpira kwa sababu gani?"

"Maneno yangu yangepeperuka na vumbi," Hozza akasema. "Bora wewe uliyekubali kufukuzwa. Au Saumu; bila yeye lori lingelala hapa, na kesho tungerudia upepo uleule."

"Mimi nipeni maji ya kunywa," Saumu akasema. "Nimechoka."

Mzee akalivuta sanduku, akashika kifuniko. Saumu akaweka kikombe chini haraka.

"Baba, usifungue. Humo mna vumbi la miaka yako yote, na la mkuu wako. Liloweshwe kwanza."

Mkono wa mzee ukabaki juu ya kifuniko, na watatu wale wakatazamana.

Haya, nyinyi mliotikisa vichwa. Sanduku ni moja, kesho imekaribia, na mzee hana pumzi ya kubishana. Apewe nani: aliyejua, aliyezuia, au aliyefuta? Na mkishamtaja, mniambie pia ni nani atakayelifungua.